Paa la Bi Ndovu

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kuwasengenya kama sisi, Bi Ndovu aliishi na mumewe na mwana wao Mshindo katika nyumba pana ya makuti. Kila kiangazi mzee Ndovu aliezeka mwenyewe. Alimwita Mshindo aje aone fundo linavyofungwa, na Mshindo alisema kesho. Bi Ndovu naye alimtetea, mwache mtoto apumzike.

Nguchiro, asiyefika hata gotini pa Mshindo, akalisikia hilo. Akaja, akapiga hodi kwa adabu zote.

"Shangazi, mkonga wa kijana kama huyu si wa kufunga kamba. Niachieni mimi paa. Nipeni chumba cha uani nilale, basi."

Akaweka sharti kwamba akiezeka, wote waende mtoni, maana paa likitazamwa linapofungwa, litavuja. Mzee Ndovu akasema ameezeka mbele ya kijiji kizima na hajawahi kulowa. Mshindo akamjibu kuwa hayo ni mambo ya kizamani. Wakaenda mtoni. Mzee akafa mwaka uleule, na mafundo yake akaenda nayo.

Masika yakaja. Pwaa! Kuti likaanguka. Nguchiro akapanda, akafunga, akaomba chumba cha pili. Masika mengine, pwaa tena, akachukua chumba cha tatu. Mshindo alikuwa ameshaoa, mkewe kajifungua, na wote wakabaki wamebanana sebuleni.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, na paa la sebule likafunguka juu ya kitoto chenye homa. Bi Ndovu akaokota kamba iliyoanguka. Haikuwa katani kama ya marehemu mumewe. Ilikuwa ganda la mgomba, limeoza, likamumunyuka alipoligusa. Hapo akaelewa kuwa Nguchiro alifunga kwa kamba ya kuoza makusudi, ili aitwe tena kila masika.

"Mshindo, tumeibiwa. Katani ya baba yako ile pale. Funga."

Mshindo hakuhitaji hata ngazi. Akainua kuti, akazungusha kamba, akavuta. Ikafunguka. Akazungusha tena, ikafunguka tena. Mkonga ule uliozoea kung'oa miti ulishindwa na fundo moja.

"Mama, linaanzia wapi?"

Bi Ndovu hakujua. Miaka yote alimpokeza mumewe kamba huku akipiga soga na majirani. Mtoto akakohoa, maji yakimtiririka usoni.

Nguchiro alikuwa ameegemea mlango, anawatazama. Bi Ndovu alitaka kumkanyaga, na angeweza kwa mguu mmoja tu. Lakini akimkanyaga, nani atafunga? Akashusha sauti.

"Bwana Nguchiro, mfundishe Mshindo. Mara moja tu, kwa ajili ya mtoto huyu."

"Nikimfundisha, shangazi, mimi nitalala wapi? Niachieni sebule. Barazani nitawafungia leo hii, mtoto hatalowa."

Mshindo akaiweka kamba chini. Bi Ndovu akambeba mjukuu wake, akatoka katika nyumba aliyoingia alipoolewa, akaketi barazani. Nguchiro alipomaliza kufunga makuti ya hapo, Bi Ndovu akamwambia ahsante.

Basi, wanangu, asiyejua kuezeka nyumba yake atalala pale anapoambiwa na anayejua.