Mwanachama Kwenye Kochi

Hoteli moja ya Lushoto ilikuwa na wanachama waliolipa ada kila mwaka ili wasikose pa kulala. Ajabu ni kwamba mwanachama akija, vyumba vimejaa. Akija mpita njia mwenye pesa mkononi, vipo.

Sikukuu ya Pasaka, Bi Zuwena, mwanachama wa siku nyingi, alifika na begi lake.

"Pole, mama," alisema meneja Shekiondo. "Hata stoo imejaa."

"Haidhuru, baba. Niache basi nipumzike kwenye kochi hapo mlangoni."

"Kochi ni lako, mama!"

Mara likaingia gari kutoka Dar, familia ikashuka na masanduku. Kabla meneja hajafungua kinywa, Bi Zuwena aliwahi.

"Poleni, wanangu, vyumba vimejaa. Mimi mwanachama mwenyewe nimekosa. Au nasema uongo, meneja?"

Shekiondo alikubali shingo upande. "Ni kweli."

Gari likageuza. La pili nalo likageuza. La tatu lilipotokomea, meneja alikuja mbio na ufunguo.

"Mama, una bahati! Kimepatikana kimoja!"

Bi Zuwena alijinyoosha kwenye kochi.

"Kimoja? Basi ngoja niendelee kupumzika. Dada yangu yuko njiani, naye ni mwanachama."