Bei Iliyotajwa Mnadani

Hapo zamani, riale ilipokuwa fedha tupu na neno lililosemwa mbele ya dalali halikurudi kinywani, palikuwa na mjane katika mji wa Kisimakale, jina lake Bi Mize, mshona kofia. Marehemu mumewe aliiweka nyumba yao rehani kwa tajiri Nasibu bin Khelef kwa riale themanini, akafa kabla ya kuikomboa. Nyumba ile, kwa hesabu ya haki, ilikuwa na thamani ya riale mia tatu. Lakini muda wa rehani ulikuwa umekwisha, na Liwali akaamuru inadiwe uwanjani siku ya Jumatano.

Basi siku hiyo Liwali akaketi kitini, na dalali, Mzee Borafya, akapiga upatu akasoma masharti: "Enyi watu! Atakaye kuzabuni aweke kwanza arubuni ya riale mia. Atakayeshindwa atarudishiwa yake. Atakayeshinda atimize bei kabla ya adhana ya adhuhuri; asipotimiza, arubuni imempotea. Itatumika kulipa deni la nyumba hii, kisha ujira wangu wa riale mbili, na kitakachobaki ni cha mwenye nyumba."

Nasibu akautupa mfuko wake mezani. "Naanza na themanini," akasema. "Na ili tusichoshane juani, andikeni: bei yoyote itakayotajwa mbele ya dalali leo, mimi ni juu yake kwa riale moja!"

Karani akaandika, Liwali akatia muhuri. Ikawa waliokuja na mifuko wakaifunga tena, kwa kuwa hapana aliyeona njia ya kumshinda, na tena nani atake uadui na mwenye maghala yote ya mchele?

"Themanini kwa themanini," akanong'ona Bi Mize, sindano ingali imechomekwa mtandioni. "Basi mimi natoka na nguo hizi nilizovaa."

Karibu naye alisimama Vuai, fundi wa kupaka chokaa, ambaye mji mzima ulimwita mjinga, na ambaye hakupata kunyimwa uji barazani kwa Bi Mize.

"Themanini, mara ya kwanza!" akanadi Borafya.

Vuai akajipenyeza mbele.

"Wewe, arubuni yako iko wapi?"

"Mzee wangu, mfukoni mna tundu tu."

"Basi huzabuni."

"Sizabuni. Je, na kuzungumza kuna arubuni?"

Watu wakacheka. Liwali akasema, "Mwacheni azungumze. Mnada wenyewe hauna ladha."

Vuai akainama. "Mtukufu Liwali, ni habari ya jumba lako jipya lenye vioo vya rangi. Watu sokoni wanasema ni jumba la rahisi."

"Rahisi?" Liwali akainuka kitini. "Nani kasema? Riale elfu tisa! Tena bila mapazia!"

"Ahsante, bwana wangu. Mzee Borafya, imetajwa."

Borafya, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kuruka hata herufi moja ya masharti, akaitazama karatasi, midomo ikamcheza, kisha akapiga upatu: "Elfu tisa na moja, kwa Bwana Nasibu! Mara ya kwanza!"

"Wazimu gani huu?" akapiga kelele Nasibu. "Hiyo ni bei ya jumba la Liwali!"

"Kweli, bwana," akajibu Vuai. "Lakini hukusema bei ya nini, wala itajwe na nani. Ulisema itakayotajwa."

Liwali akaisoma karatasi mara mbili. "Muhuri ni wangu," akasema polepole, "na kinywa pia ni changu. Endelea, dalali."

"Mara ya pili! Nani zaidi?"

"Nyamazeni nyote!" akalia Nasibu, akiwapungia watu mikono. "Asitaje mtu kitu, hata bei ya ng'ombe!"

"Mara ya tatu!"

Nasibu akahesabu kwa vidole, kisha kwa tasbihi. Akitimiza bei, atajirudishia themanini zake, dalali atachukua mbili, na Bi Mize atapokea riale elfu nane mia tisa na kumi na tisa. Alikuwa angali akihesabu adhana ilipotoka.

Basi Borafya akaufungua mfuko. Themanini akampa Nasibu, deni likaisha. Mbili akatia kibindoni. Kumi na nane akamkabidhi Bi Mize, pamoja na karatasi ya rehani iliyochanwa. Ikawa Nasibu alikuja na mia yake, akabaki na themanini yake mwenyewe, hana nyumba wala mdeni.

Liwali akacheka hata kilemba kikamlegea. "Vuai, taja ujira utakao."

Vuai akaziba kinywa kwa kiganja. "Mtukufu, Mzee Borafya angali hapa. Nikitaja sasa, Bwana Nasibu ataununua ujira wangu kwa riale moja zaidi."

Nasibu kusikia hivyo akatoka mbio, kiatu kimoja akakiacha uwanjani.

"Basi njoo upake chokaa jumba langu," akasema Liwali, akijifuta machozi. "Bei nitakunong'oneza."