Ufa wa Kengele Iitwayo Toba

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba, katika mji wa kale wa nchi ya Shamu, palikuwa na kanisa lenye kengele tatu mashuhuri: Neema, Furaha na Toba. Wasafiri walizisikia kabla hawajauona mji, wakadhani hewa yenyewe inasali. Mpiga kengele alikuwa mja mwema, Eliakimu, aliyeutumikia mnara katika enzi za maaskofu watatu.

Lakini kengele zile zilikuwa zimemla masikio polepole, jinsi maji yalavyo jiwe, naye hakumwambia mtu. Alisikia kwa viganja: kila mlio ulishuka katika kamba kama mapigo ya ndege aliyeshikwa mkononi. Alichelea kwamba wakijua watamteremsha. Na chini ya mnara hakuwa na mke, wala mtoto, wala ulimwengu.

Asubuhi moja ya ukungu, mtetemo wa Toba ulimfikia ukichechemea. Akajua ina ufa. Lakini akaendelea kuvuta.

Huko chini Bi Tekla, muuza mikate, akainua uso: “Mzee Eliakimu! Hiyo ni kengele au sufuria iliyotoboka?”

Eliakimu, aliyezoea kuombewa dua na mama huyo, akampungia mkono. “Amina, binti yangu! Nawe Mola akuzidishie!”

Soko zima likaangua kicheko.

Kasisi Barnaba hakucheka. Alipanda ngazi, akasimama mbele yake, akasema taratibu: “Baba Eliakimu, watu wanalalamika juu ya Toba. Wewe waisikiaje?”

Eliakimu aliisoma midomo yake. Jawabu jepesi lilikuwa tayari ulimini: njema, Padri. Lakini kiganja chake kilikuwa juu ya shaba ya kengele, akaona haya kusema uongo hali ameishika Toba.

“Siisikii,” alisema. “Wala hii, wala nyingine. Ningeutaja ufa wake, ungeonekana wangu.”

Toba ikateremshwa, ikayeyushwa, ikasubiwa upya. Eliakimu naye akateremka.

Siku Toba iliporejea mnarani, Eliakimu aliketi miongoni mwa waumini, mgongo kauegemeza nguzoni. Mara jiwe la nguzo likaanza kuimba mgongoni mwake. Mlio mzima ulishuka ukutani, ukapita nguzoni, ukamwingia kifuani kama usingizi wa mtoto.

Bi Tekla akamgeukia ili aione midomo yake. “Mbona watabasamu, baba?”

“Nilidhani nimeiacha kamba juu,” alijibu. “Kumbe nyumba yote ni kamba.”

Basi na tutafakari, enyi wapendwa: kengele yenye ufa hurudishwa motoni, ikatoka nzima. Mja naye hana moto wake ila kusema kweli.