Mlango wa Picha Haupigiwi Hodi

Mtu alimwomboleza mama yake, akanyoa kichwa, akauza ng'ombe aliokuwa amemwekea, na mama mwenyewe yu hai anapepeta uwele. Kosa hilo ndilo lililozaa maneno mliyoyasikia leo: mlango wa picha haupigiwi hodi. Mmeniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali wala zamani sana. Methali hii ilianza hapa hapa Mzulumbi, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ilianza hivi.

Bi Malogo alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Ndahani. Mwaka wa ukame ng'ombe wao walikwisha, na Ndahani akaenda Geita kuchimba dhahabu. Alimwambia mama yake, "Nitarudi na ng'ombe. Mikono mitupu sirudi." Siku zile hapa hapakuwa na simu. Salamu zililetwa na watu: huyu kamwona mnadani, yule kalala naye kambi moja. Halafu watu hao nao wakahamia machimbo mengine, salamu zikakatika.

Mama akabaki na tembe lake. Nyinyi mmezaliwa chini ya bati, kwa hiyo nawaeleza. Tembe ni nyumba ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo la udongo. Kila mwaka kabla ya mvua lazima ulisiribe upya kwa udongo na samadi, la sivyo linapasuka. Na hapa kijijini kwetu kusiriba si usafi tu. Nyumba ikifiwa na mwenyewe, hakuna anayeigusa mpaka mrithi aje kuisiriba kwa mkono wake. Vigoda vinaingizwa ndani, mlango unafungwa, nyufa zinaachwa. Mtu wa hapa akiona nyumba ya namna hiyo haulizi. Anavua kofia, anapita. Hodi hapigi, maana nani amwitikie?

Bi Malogo alisiriba bila kukosa. Hata mwaka aliougua nyonga, alisiriba akiwa amekaa chini, anajivuta kando ya ukuta. Sisi majirani tulitaka kumsaidia, akakataa.

"Ndahani akija akakuta nyufa," alisema, "si atageuzia njiani?"

Kila asubuhi alitoa vigoda viwili nje. Kimoja alikalia yeye. Cha pili hakukiruhusu kwa mtu yeyote. Mimi nilifukuzwa juu yake kama kuku.

Basi akaja mpiga picha, jina lake Elirehema, mtu wa Moshi, mpole, juu ya pikipiki ya kukodi. Hakuwa mpiga picha wa harusi wala wa pasipoti. Yeye hupiga picha akazipeleka kwenye ghala la picha huko mtandaoni. Kampuni au gazeti likitaka picha ya nyumba, au ya mvua, au ya mbuzi, linachagua humo na kununua. Aliyepiga hajui nani atainunua, wala ataitumia kwa kazi gani.

Alifika wakati Bi Malogo amekwisha kuchimba udongo wa kusiriba, bado kuukanda tu. Elirehema alipoziona nyufa akafurahi.

"Mama, usisiribe kwanza. Nyufa ndizo nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

"Kwa picha, mama."

"Kumbe kwenu Moshi nyufa ni pambo!"

Tukacheka, naye akacheka. Kisha akaomba vigoda viingizwe ndani, kuku wafukuzwe, kanga ishushwe kwenye kamba, na mlango ufungwe. Alisema picha ya kuuza haitakiwi kuwa na vitu vya mtu, ili kila mnunuzi aione kama anavyotaka. Mzee Sogodi, shemeji yake Bi Malogo, akaguna.

"Kijana, unaivika nyumba ya shemeji yangu sanda."

Elirehema akadhani ni utani. Akapiga picha zake. Halafu akatoa karatasi, hati ya ridhaa, akaeleza kwamba picha ya nyumba ya mtu haipokelewi kwenye ghala lile mpaka mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Akamsomea yote toka juu hadi chini, hakumficha neno. Kwa hilo namsifu.

"Sasa hao wanunuzi wataifanyia nini?" Bi Malogo akauliza.

"Chochote, mama. Ndivyo ilivyoandikwa. Matumizi yoyote, mahali popote."

"Basi waandikie kwamba ndani mna mtu."

"Siwezi, mama. Mimi napeleka picha tupu. Maneno anaweka mnunuzi."

"Basi chukua karatasi yako uende salama."

Elirehema hakubishana. Alianza kuikunja. Bi Malogo akawa anamtazama mikono. Kisha akasema taratibu, "Umesema mahali popote?"

"Popote."

"Hata Geita?"

"Inaweza kufika Geita. Inaweza kufika hata Ulaya."

"Ulaya sina mtu." Akanyoosha kidole gumba. "Lete wino."

"Shemeji," Mzee Sogodi akasema, "fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu alipoondoka, shemeji. Wewe ndiye unayeanza leo."

Akatia dole. Pikipiki haijamaliza kushuka bonde, yeye tayari alikuwa kwenye udongo anaukanda. Nilimuuliza haraka ya nini. Akasema Ndahani akiiona picha ataanza safari, na safari ya Geita si ndefu kwa mtu anayerudi kwao.

Picha ilifika kweli. Kampuni moja ya saruji iliinunua, ikaichapa kwenye kalenda, na chini yake ikaandika: YA WAZEE YAMEPITA. JENGA YA KWAKO. Hawakuwa na ubaya. Waliona nyumba kuukuu, wakataka kuuza saruji.

Ndahani aliiona kalenda hiyo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipokwenda kununua misumari ya zizi. Ng'ombe alikwisha kuwapata, wanne, na alikuwa akingoja majani yaote njiani ili awaswage kurudi nyumbani. Aliutambua mlango mara moja. Kwenye ubao wa chini palikuwa na tundu alilolichonga yeye kwa kisu utotoni, akachapwa kwa ajili yake. Halafu akatazama vizuri. Nyufa. Vigoda havipo. Mlango umefungwa. Mtu wa mahali pengine angeona nyumba mbovu. Ndahani aliona msiba. Na maneno ya chini yalimthibitishia.

Alinyoa kichwa kule kule, akakaa matanga na watu wasiomjua mama yake hata kwa jina. Ng'ombe akawauza. Kama mrithi alipaswa kuja kusiriba, lakini hakuweza. Alituambia baadaye kwamba kila alipofunga mzigo, ule mlango ulimjia machoni, akaufungua tena mzigo.

Huku nyumbani, mama alikuwa akisiriba. Mwaka huu ukuta, mwaka ujao ukuta, na vigoda viwili nje. Ugonjwa wa vikope ulimla macho kidogo kidogo. Mwishoni alikuwa akisiriba kwa kupapasa, na ukuta bado unatoka laini.

Siku moja, miaka mingi baada ya kalenda ile, akapita mtu mwenye mvi, amebeba jembe na karai. Sikumjua. Alisimama mbele ya tembe la Bi Malogo, akaukodolea macho ukuta, kisha akausukuma mlango kwa bega akaingia. Nikamfuata mbio hadi mlangoni, na majirani wengine nyuma yangu.

"Nani amesiriba nyumba ya mama yangu?" akanguruma. "Nani amejirithisha?"

Bi Malogo alikuwa kwenye kona na ungo wake. Akapapasa fimbo.

"Nani wewe unayeingia nyumba za watu kama mbuzi, bila hodi?"

Karai likaanguka.

"Mbona husemi? Kama ni mwizi umekosea njia. Humu utaiba uwele, na ungo wenyewe umetoboka."

"Mama."

"Mama wa nani?"

"Ni mimi. Ndahani."

Fimbo ikamtoka mkononi. "Sema tena."

"Ni mimi, mama. Niliiona picha ya nyumba. Ina nyufa, vigoda havipo, mlango umefungwa. Nikajua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba umekwenda."

Bi Malogo aliusogeza ungo kando. Hakulia. Sisi tuliokuwa mlangoni ndio tuliolia.

"Uliuona mlango, mwanangu," akasema. "Ulipiga hodi?"

"Ulikuwa wa picha, mama. Ningepigaje?"

"Basi ndiyo hivyo. Mlango wa picha haupigiwi hodi. Wa mti ulikuwa hapa hapa, na mimi nyuma yake."

Maneno hayo yakatoka mle ndani siku ile ile, yakaenea. Leo mtu akija na simu yake, akakuonyesha picha ya kwa ndugu yako na kukwambia kwao kumekwisha, hapa atajibiwa: mlango wa picha haupigiwi hodi. Nenda ukabishe mwenyewe. Na anayekuja kupiga picha nyumba zetu naye huambiwa hivyo hivyo, kabla hajatoa karatasi yake.

Sasa mmeijua. Gharama yake ni hii. Ng'ombe wanne, waliouzwa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kupelekewa. Matanga ya mtu aliye hai. Kuta zote zile, mwaka hadi mwaka, zilizosiribwa kwa ajili ya mtu aliyeamini kwamba hakuna wa kuzisiriba. Na macho mawili, yaliyopofuka mwana hajarudi. Mama na mwana waliishi pamoja misimu miwili tu, kisha tukamzika Bi Malogo. Katika misimu hiyo alimpapasa mwanawe uso kila asubuhi, na mkono ulipofika kwenye ndevu ulisita, maana yule aliyemngoja hakuwa nazo.