Udongo wa Kwanza wa Mihayo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya juzijuzi tu, bunduki zilikuwepo na barua zilikuwepo, palikuwa na vita mpakani, na palikuwa na mjane aitwaye Nyamizi. Nyamizi alikuwa na watoto watatu: Ngasa, Mihayo, na binti wa mwisho, Mbuke. Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna muwa, uweke chini, hii si hadithi ya kutafunia muwa.

Ngasa alikwenda vitani. Likaletwa sanduku limepigiliwa misumari, wakaambiwa msifungue. Hawakufungua. Nyamizi akalia mpaka sauti ikakauka, akazika, akanyoa nywele, akakaa matanga. Mwezi wa tatu ikaja barua: samahani mama, palitokea makosa, uliyemzika si mwanao, na mwanao hatujui alipo. Jamani! Mama wa watu amemlilia mtoto wa wenzake, na wake hajui kalala kichaka gani.

Tangu siku hiyo Nyamizi akawa na neno moja. Akichota maji, neno hilo. Akitwanga mtama, neno hilo. "Mihayo sitampoteza namna ile."

Mihayo naye alikuwa askari, askari wa kawaida wa mstari wa mbele. Akaja likizo ya siku saba, na mfukoni ana barua: ameitwa kwenye usaili wa chuo cha maofisa. Miaka miwili darasani, mbali na mpaka, kisha nyota begani. Mama akapiga vigelegele. Halafu akasema, "Kabla hujaenda, Bi Kabula akuchanje chale. Ubavuni, chini ya kwapa la kushoto. Uso huungua, mikono hukatika. Ubavu ndio hubaki, nami nitakutambua."

"Mama," Mihayo akasema, "askari wa kawaida anaruhusiwa kuwa na chale. Ofisa haruhusiwi. Ofisa hutumwa kwa siri upande wa adui, na alama ya mwilini inamtambulisha. Wakiiona, wananirudisha kikosini."

"Hawataiona. Nani anakagua makwapa?"

"Na wakikagua? Mama, nikipita usaili sitakuwa mpakani. Nitakuwa darasani. Chale ya nini?"

"Na baada ya darasa?"

Mihayo akaikunja barua, akairudisha mfukoni.

"Ngasa naye aliniambia mama, usiwe na wasiwasi," Nyamizi akasema. "Ukiondoka bila chale, radhi yangu huna."

Ee, radhi ya mama! Nani kati yenu angefunga mzigo akaondoka bila hiyo? Nyoosha mkono nikuone.

Wakaenda kwa Bi Kabula. Bi Kabula alikuwa mkunga, na Mihayo alizaliwa mikononi mwake. Tena alikuwa fundi wa chale. Akanoa wembe, akauliza, "Mwenye mwili, unataka?" Mihayo akamtazama mama yake, akasema, "Nataka." Bi Kabula akauliza mara ya pili, Mihayo akajibu, "Nataka." Akauliza mara ya tatu, akajibu, "Nataka, bibi." Bi Kabula akachanja mistari mitatu, akatia masizi, akafuta damu.

Nyamizi alifurahi mno. Akamwandikia mdogo wake, Kapteni Luhende, mjomba wa Mihayo: "Mdogo wangu, nimemtia Mihayo chale ubavu wa kushoto, sasa moyo wangu umetulia." Masikini, hakujua kwamba mwaka ule Luhende ndiye aliyewekwa kusimamia usaili.

Siku ya usaili ikafika. Vijana hamsini wamepanga mstari, mashati wamevua. Daktari akapita: macho, meno, kifua, miguu. Kwa Mihayo akapita, hakuona kitu, akaenda kwa anayefuata. Ndipo Luhende akasema, "Wewe. Inua mkono wa kushoto."

Mihayo akamtazama mjomba wake. Akainua.

Wakachukuliwa kumi na wawili. Mihayo akarudishwa kikosini. Haikupita miezi miwili, kikosi chake kikashambuliwa darajani, asubuhi, watu wanakunywa uji. Saa ileile wale kumi na wawili walikuwa darasani wanajifunza kuchora ramani.

Likaletwa sanduku. Limepigiliwa misumari. Msifungue.

Safari hii Nyamizi alichukua shoka. Akang'oa misumari, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumshika. Ndani hapakuwa na uso. Hapakuwa na mikono. Akageuza ubavu wa kushoto, akaona mistari mitatu. "Ndiye," akasema. Hakulia. Alikaa chini palepale, shoka mapajani.  

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi: udongo wa kwanza kaburini hutupwa na aliyemzaa marehemu, au mjomba wake, au mkunga aliyempokea. Mwingine haruhusiwi. Na huyo anayetupa asiwe na mkono katika kifo kile. Mwenye hatia akitangulia, basi kabla mwaka haujaisha kaburi litaita mtoto mwingine wa nyumba hiyohiyo. Na katika nyumba ya Nyamizi alibaki nani? Mbuke. Miaka kumi na mitano. Basi.

Siku ya mazishi, Nyamizi akainama kuchota udongo. Luhende akamshika mkono.

"Dada, usitupe. Mihayo aliniambia alikuonya kwamba watamrudisha. Ukamtishia radhi."

Nyamizi akanyanyuka. "Nilimtishia, ndiyo. Wewe hujawahi kuzika mtu usiyemjua. Mimi nilitaka mwanangu nimzike mimi, kwa jina lake, na leo namzika. Nilimtia chale. Sikumpeleka darajani. Aliyempeleka darajani ni wewe."

Luhende akasema, "Siku ile nilikuwa nimeshawarudisha vijana kumi na mmoja kwa chale ndogo kuliko ile. Wana wa wajane kama wewe. Wanne kati yao walikufa palepale na Mihayo. Ningemficha wangu, mama zao ningewatazama kwa macho gani? Sikumuua Mihayo. Nilikataa kumpendelea."

"Daktari alishapita, Luhende," Nyamizi akasema. "Alishapita!"

Luhende akapeleka mkono kifuani. Alikuwa na barua ya dada yake mfukoni, ameishika kwa nje, kwenye kitambaa.

Bi Kabula akajikokota mbele. "Basi nipisheni mimi. Mikono hii ndiyo iliyompokea. Nilimuuliza mwenye mwili mara tatu, mara tatu akasema anataka. Sikumlazimisha, sikumtisha, sikumkagua."

Ndipo Mbuke akasema, "Bibi, kesho yake baada ya chale, kaka alikuja kwako. Nilimsindikiza mimi."

Watu wakageuka wote. Bi Kabula akaketi juu ya fungu la udongo uliochimbwa.

"Alikuja," akasema. "Alinisihi niichome kwa chuma cha moto, libaki kovu tu, aseme aliungua jikoni. Kovu la moto wanalikubali. Alilia, mtoto yule. Nikakataa. Nilikuwa nimemwahidi mama yake kwamba haitafutika." Akamtazama Nyamizi. "Na ningeichoma, hata angekufa siku nyingine, popote, ungemjuaje?"

Nyamizi akageuka kulitazama sanduku.

Najua kuna mjuaji hapa anataka kusema kosa ni la Mihayo mwenyewe, angekataa. Sawa, angekataa. Lakini maiti hajitupii udongo, bwana.

Wachimba kaburi wameegemea majembe. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, marehemu anangoja." Mama amesimama. Mjomba amesimama. Mkunga ameketi. Mwingine yeyote haruhusiwi. Na Mbuke yuko pale ukingoni, anawatazama mmoja baada ya mwingine, maana wakikosea, atakayeitwa na kaburi ni yeye.

Haya, mimi nimemaliza yangu. Nyinyi mnaojua kuhukumu, hukumuni, na msiniambie wote watatu. Je, nani anastahili kumtupia Mihayo udongo wa kwanza?