Kiti Kilichofungiwa Stoo

Hii nimeletewa na shemeji yangu asubuhi, nikaisoma mara mbili mpaka chai ikapoa. Nawatumia na nyinyi. Msiniulize ilitokea mji gani, maana wazee wa namna hii wamejaa kila mji, na huenda mmoja wao ni wewe unayesoma.

Palikuwa na sajini meja mstaafu, Mzee Ngonyani. Miaka thelathini alifundisha makuruti kwata, na hata baada ya kustaafu aliiendesha nyumba yake kama kambi. Mwanawe wa pekee, Fidelis, naye akaingia jeshini, akafikia cheo cha koplo. Siku moja akiwa mpakani alikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Hospitali walimrudisha nyumbani na vitu viwili: mguu wa bandia na kiti cha magurudumu. Fidelis alikuwa mjane, kwa hiyo yeye na binti yake, Skolastika, wakahamia kwa mzee. Skolastika alikuwa ameshachumbiwa, na harusi ilikuwa imebakiza miezi miwili. Fidelis alikuwa na jambo moja tu moyoni: kumshika mwanawe mkono na kutembea naye kutoka mlango wa kanisa mpaka altareni.

Lakini mzee akaona kitu ambacho hakukielewa. Kila siku mwanawe alivaa mguu kwa muda wa saa moja, akatembea uani, kisha akauvua na kushinda kwenye kiti. Kesho yake vivyo hivyo. Damu ikamchemka mzee. Majirani watasemaje? Mtoto wa sajini meja, mguu umeegemezwa ukutani, mwenyewe amekaa!

Jamani, kuuliza si ujinga. Mzee hakuuliza. Alikichukua kile kiti, akakifungia stoo nyuma ya magunia ya mahindi, ufunguo akautia mfukoni.

"Koplo," akamwambia mwanawe, "kuanzia leo mguu huo unavaliwa alfajiri, unavuliwa wakati wa kulala."

"Ndiyo, afande," Fidelis akajibu. Tangu utotoni hilo ndilo jibu pekee alilofundishwa kumpa baba yake.

Skolastika alimwendea babu yake mara mbili kumwomba ufunguo. Akamweleza kwamba baba anaumia, kwamba kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, sasa anakifunga kwa vipande vya khanga ili damu isionekane. Mzee akamjibu kwamba huruma yake ndiyo itakayomlemaza baba yake.

Basi Fidelis akatembea. Alikwenda sokoni, alikwenda kwenye sala za jumuiya, alisimama mlangoni kupokea wageni. Mzee akavimba kichwa, akawa anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyemtoa kwenye kiti, si daktari.

Siku tatu kabla ya harusi, Fidelis alianguka uani akiwa na homa kali. Walipomvua mguu, harufu ikajaa chumba kizima. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani.

Huko hospitali daktari akauliza kiti kiko wapi. Mzee, kwa fahari kidogo iliyokuwa imembakia, akaeleza kwamba alikifungia ili mwanawe asizoee kukaa. Daktari akavua miwani akamtazama.

"Mzee wangu, ngozi ya kigutu bado ni changa. Ratiba ya kuvaa mguu kwa muda mfupi tu nilimwandikia mimi. Tulipanga kumwongezea dakika kidogo kidogo, muda mwingine apumzike kwenye kiti, ili siku ya harusi aweze kutembea kanisani. Hakuwa mvivu. Sasa inabidi tukate tena, juu ya goti."

Mzee akaenda kando ya kitanda cha mwanawe. Akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Hukuniuliza, baba," Fidelis akasema. "Ulinipa amri."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi.

Fidelis alikataa harusi kuahirishwa kwa ajili yake. Jumamosi, Skolastika alisindikizwa altareni na babu yake. Mzee alitembea mgongo umenyooka, na watu kwenye mabenchi wakanong'ona kumsifu: miaka sabini na miwili, na bado anapiga hatua kama kuruti! Skolastika alikuwa analia, na njia nzima hakumtazama hata mara moja. Mzee mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba hajawahi kuona aibu ya kuwa na miguu miwili kama siku ile.

Funzo: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujamwamrisha aliyeumia asimame, kaa naye kwanza umuulize anaumia wapi, maana mtoto uliyemfundisha kutii tu atakutii hata pale unapomwangamiza.