Machano Anarekebisha Nyuzi

Machano, mpiga mandolini, alifika Tanga akitafuta pa kukaa. Mzee Shelukindo, mwenye nyumba, akamnyooshea kidole: "Chumba chukua. Ila siku utakayopiga wimbo, hata mmoja, unafungasha virago!"

"Nimekubali, baba."

Kulipokucha Machano akaketi barazani, chini ya dirisha la mzee, akaanza kurekebisha nyuzi. Ting! Akakaza. Ting! Akalegeza. Na mandolini ina nyuzi nane.

Siku ya tatu mzee akatoka mbio, ameshikilia msuli kiunoni. "Wewe, nyuzi gani hizo haziishi? Piga wimbo basi!"

"Si nitafungasha virago?"

"Hufungashi! Kaa hapa mpaka uzeeke, ila piga!"

Machano akapiga palepale. Nyuzi zilikuwa sawa tangu alipotoka Pemba.